Noti ya Ng'ombe Iliyopigwa Pasi

Mtaani ninapokaa sasa, hapa Riyadh, pana duka la dobi, na kila nikipita mlangoni pake asubuhi, harufu ya uwanga uliokutana na pasi ya moto hunisimamisha. Watu wanapita, mimi nimesimama na mkoba begani, mtu mzima na akili zangu timamu, nanusa kanzu za waume wa watu. Na kinachonijia si kanzu. Kinachonijia ni ng'ombe.

Msinicheke. Nyinyi wenzangu mliolelewa Jeddah na bibi zenu wa Kiunguja mnajua kwamba kila nyumba ya kwetu ilikuwa na kitu kimoja kisichoguswa. Kwa jirani zetu kilikuwa birika la shaba ambalo halijawahi kumimina chai mbele ya macho yetu. Kwetu sisi, katika fleti yetu ya Aziziya, kilikuwa noti ya Kimarekani.

Bibi, mama yake baba yangu, aliipata kwa baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa akiuza karafuu kwa Wamarekani enzi hizo, kabla Bibi hajazaliwa, na mmoja wao alimpa noti hiyo siku ya kuagana. Yeye akaiona nzuri mno hata kuitumia. Familia ilipokimbia Unguja baada ya mapinduzi, Bibi alitoka nayo ameibana baina ya vipande viwili vya kadibodi, chini ya kanga alizojifunga. Dhahabu zake ziliuzwa njiani moja moja. Noti ikafika Jeddah haina hata mkunjo.

Ilikuwa kubwa, si kama dola za siku hizi. Ukiiweka juu ya dola ya sasa inaifunika yote. Ilikuwa na muhuri mwekundu upande mmoja, na katikati alisimama ng'ombe dume mwenye nundu na ndevu, ameinamisha kichwa kidogo. Leo najua kuwa yule ni nyati wa kwao huko. Sisi tulimwita ng'ombe, na Bibi alimwita ng'ombe wangu. Kulia na kushoto palikuwa na picha za wanaume wawili. Mimi niliamini ni majirani wanaomgombea. Nyuma ya noti alikuwapo mwanamke amesimama baina ya nguzo, naye nikamfanya mke wa mmoja wao, anasubiri maziwa. Niliwahi kumwuliza Bibi nani alishinda kesi ile.

"Bado haijaamuliwa," akasema, bila hata kuinua macho kwenye mchele anaouchagua. "Wamarekani wana mahakama ndefu."

Siku ya Idi, baada ya kula, Bibi aliitoa kwenye kopo la biskuti. Hatukuruhusiwa kuishika, ila aliishika mwenyewe kwa ncha za vidole, akaipigapiga karibu na masikio yetu, nayo ikalia chakacha, chakacha. Sauti ile! Ilikuwa kavu na safi, na kila mmoja wetu alisikia kitu chake. Mimi nilisikia kwato. Mchana, wakati nyumba nzima imelala na kiyoyozi kinanguruma, nililala chini kwenye zulia nikimwona ng'ombe anatoka koponi, anapita ukumbini taratibu asiwaamshe watu, anakwenda kunywa maji kwenye ndoo ya bafuni. Nikiamka nilikwenda kuitazama ndoo. Wallahi maji yalikuwa yamepungua.

Aliyelala nami kwenye zulia lile ni Shangazi Rauhia, mdogo wake baba, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa msichana bado, mwenye nywele nzito na mkono mwepesi wa kusuka, na mimi ndiye nilikuwa mkia wake. Akienda jikoni nipo. Akisali nimekaa nyuma yake nahesabu vidole vyangu vya miguu. Nikiota vibaya, ubavu wake ndio ulikuwa dua yangu.

Basi Babu akafariki. Na Shangazi, kama mlivyokuwa wengi wenu, alikuwa kwenye ikama ya baba yake, kibali chake cha kuishi nchini. Baba yangu aliweza kumwandika Bibi kwenye karatasi zake mwenyewe, kwa kuwa ni mama, lakini dada hakukubaliwa. Ilibidi apatikane kafili mwingine wa kumsimamia, na aliyepatikana alitaka fedha ambazo baba yangu, dereva wa gari la mizigo, hakuwahi kuziona pamoja. Ikama ilikuwa inakaribia kwisha. Zisipopatikana, Shangazi anarudishwa Zanzibar, nchi aliyoijua kwa hadithi za mama yake tu.

Nilisikia mazungumzo hayo nikiwa nimejifanya nimelala. Baba alisema, "Sina pa kugeuka, mama." Bibi akasema, "Yupo ng'ombe."

Jamaa yetu mmoja, Bi Zuwena, aliyekuwa akikaa Manfuha, kule kusini ya Riyadh, alikuwa ameshatuambia kwa simu kuwa mtaani kwake yupo mzee wa Kihadhrami anayenunua pesa za zamani za kila nchi. Mzee akiona noti tu hutambua umri wake na bei yake. Ikaamuliwa twende. Bibi alisema noti hiyo haendi nayo mtu mwingine ila yeye, na Shangazi ilibidi awepo kwa kuwa shida ni yake, na mimi nilikwenda kwa sababu mkia hauachwi nyuma.

Siku ya safari, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta Bibi bafuni amekaa juu ya kibao, beseni mbele yake. Maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto. Ndani ya maji amelala ng'ombe.

"Bibi! Unamkogesha?"

"Namkogesha. Anakwenda kwa watu, mwanangu. Kitu hakiendi mbele za watu na taka zake. Wataniuliza mimi mwana wa nani?"

Alimsugua kwa ncha ya kidole, polepole, mgongoni, nunduni, kwenye ndevu. Maji yakageuka rangi ya chai, na Bibi akafurahi kweli kweli. "Loh, hebu ona! Taka za tangu enzi ya masultani!" Mimi nilishika taulo. Alimkausha kwa kumgusagusa, akampaka uwanga wa mchele mwembamba kama anaopaka kofia za baba, akamweka baina ya leso mbili, akapitisha pasi. Kisha akatia udi kwenye chetezo, akamweka juu ya tundu la fito la kufukizia nguo pamoja na abaya ya Shangazi, moshi ukawazunguka wote wawili. Nilikaa pale kwenye moshi nikaona haya ndiyo mambo yanayofanyika peponi.

Shangazi alikuja akamtazama. "Mashaallah, mama. Kawa mpya."

Nani angejua? Kwetu mapenzi ni maji na sabuni. Mtoto huogeshwa, bibi harusi husingwa, hata maiti hatumtoi nyumbani ila akiwa safi. Bibi akaishika noti, akaipigapiga karibu na sikio langu kama siku ya Idi. Haikulia.

"Imelainika," akasema kwa fahari. "Imekuwa kama hariri."

Njia ya Riyadh siikumbuki sawasawa. Nakumbuka jangwa la rangi ya biskuti, na mimi nimelaza kichwa mapajani kwa Shangazi, na ng'ombe anakimbia nje sambamba na gari bila kutifua vumbi. Baba alikuwa akiimba ili asisinzie. Kila tukikaribia kituo cha ukaguzi aliacha kuimba, na Bibi aliweka mkono juu ya goti la Shangazi mpaka tupite. Hakuna aliyenieleza kwa nini, na sikuuliza.

Manfuha tulifika sote tumevunjika viungo. Baba alianguka kwenye mkeka akalala hapo hapo. Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii, na Bi Zuwena akamwambia hatoki mtu hapa mpaka ikandwe na maji ya chumvi. Duka lilikuwa vichochoro viwili mbele. Basi Bibi akamkabidhi Shangazi noti ndani ya kitambaa cheupe, akaisomea, akatutoa mlangoni. "Mwambie imetoka kwenye nyumba ya watu," akasema.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba ya udongo, na ndani mlijaa redio zisizosema na saa zilizosimama kila moja kwenye wakati wake. Mzee alivaa glavu nyembamba nyeupe, akatandika kitambaa cheusi, akabandika kioo cha kukuzia jichoni. Nikajua huyu ni daktari. Nikakaa kwa adabu, nikaomba Mungu asimdunge sindano.

"Allah!" mzee akasema. "Binti yangu, mmeipata wapi hii?"

Alimwita Shangazi asogee aone. Akamwonyesha ukubwa wake, akasema noti za namna hii waliacha kuzichapa zamani sana, kabla yeye hajazaliwa. Akamwonyesha muhuri mwekundu. Akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akamwonyesha nyuzi nyembamba za hariri zilizozama ndani ya karatasi, akasema mwigaji hawezi kuzitia hizo. "Hizi za ng'ombe watu wanazililia. Na tazama, pembe zake zote zimekaa, haina mkunjo, haina tundu." Alikuwa anasema kwa Kiarabu cha kwao, chenye kuvutavuta, nami nilikifuata neno kwa neno, kwa kuwa mimi Kiarabu nilikicheza uwanjani na skuli.

"Kama yote ni hivi," mzee akasema, akataja bei.

Bei yenyewe sikuielewa. Nilielewa mkono wa Shangazi tu, ulioshika ukingo wa meza. Nilimsikia anasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, mara tatu nne, mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Kisha mzee akavua glavu moja. Akapitisha kidole kitupu juu ya ng'ombe. Akapitisha tena. Akaipiga noti karibu na sikio lake, akangoja. Akainusa. Uso wake ukashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi.

"Binti yangu," akasema, "nani kaiosha hii?"

Mzee akamweleza bila ukali. Akasema noti iliyotoka kwenye mashine ina mwili, wino wake umesimama juu ya karatasi, ukipitisha kidole unausikia. Hii maji yameilainisha na pasi imeilaza. Wekundu wa muhuri umepauka. Wateja wake wakisikia harufu ya sabuni tu, wanairudisha. "Ingekuja na vumbi lake lote," akasema, "ningekupa ile bei ya mwanzo na shukrani juu. Sasa naweza kukupa hivi." Akataja bei nyingine, na hii hata mimi niliielewa, kwa sababu ilikuwa sawa na bei ya friji letu.

"Lakini nani kaiosha?" akauliza tena, kama mtu anayeuliza habari za marehemu.

Nikafumbua mdomo. Shangazi akaubana mkono wangu mpaka vidole vikaumana.

"Tumeirithi hivi hivi, ammi," akasema.

"Fikiri, binti yangu. Hata hiyo ni pesa."

"Halas, ammi. Hatuuzi."

Njiani alisimama kwenye ukuta wa udongo, akaweka paji la uso ukutani, akakaa hivyo. Nilidhani anajipoza na jua. Alipogeuka alininyoosha mtandio wangu, uliokuwa umenyooka. "Ya dukani yamekwisha dukani," akasema. "Umesikia, mwanangu?" Nikasema nimesikia. Sikuwa nimesikia kitu, nilikuwa nimekasirika tu.

Bibi alikuwa na miguu ndani ya beseni. "Enhe! Kasemaje?"

"Si kitu, mama," Shangazi akasema, na akakaa chini akaanza kumkanda. "Kasema zilichapwa nyingi mno. Wamarekani wenyewe wamezijaza majumbani, hawazitaki."

"Yakhe! Hata kwa usafi wake ule?"

"Hata kwa usafi wake. Kasema maisha yake yote hajaona safi kama hii."

Bibi akatikisa kichwa, akahuzunika, lakini niliona na kitu kingine kikimpita usoni, kama mtu aliyeshindwa mtihani ila mwandiko wake ukasifiwa. "Basi," akasema, "angalau hatukuaibika."

Sasa nisikilizeni nilivyolijenga jambo hili kichwani kwangu. Shangazi kamwambia mzee uongo. Kamwambia Bibi uongo wa pili. Kapewa pesa, hata kama ni za friji, kazikataa. Na mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi dirishani Aziziya, anamwuliza Bibi habari za Unguja, barabara ile inatokea wapi, mwezi wa karafuu mji unanukiaje. Nikajumlisha. Shangazi anataka kwenda. Ng'ombe alikuwa tayari kumwokoa, naye kamfukuza, kwa sababu ametuchoka, ametuchoka hasa mimi.

Nilimnunia mpaka siku ya uwanja wa ndege. Alinisuka asubuhi ile, mistari midogo midogo ili ikae muda mrefu, na mimi nilikaa kimya kama kigogo. Pale Jeddah, mbele ya mlango ambao wasiosafiri hawavuki, Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia nakuja kukuchukua. Shangazi akasema naam mama. Kisha akainama kwangu. Nililitazama begi lake. Nilisikia harufu ya udi ikisogea mbali, halafu harufu ya sakafu iliyopigwa deki, basi.

Noti, kwa kuwa sasa haikuwa na thamani, Bibi aliitia fremu akaitundika ukumbini. Wageni wakiuliza alisema, "Ah, haina bei hiyo. Lakini safi!" Kule Unguja Shangazi aliolewa, akafundisha Kurani chuoni, akapata watoto. Alikuwa akidunduliza pesa za umra aje kumwona mama yake, na kila zikikaribia kutosha, linatokea jambo. Paa, hospitali, ada. Mama na mwana walionana kwenye kioo cha simu tu, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama amekula.

Mimi nilikua. Hasira ilipoa, lakini nilichokiamini sikukigusa, kilibaki pale pale. Ndipo mwaka huu Bibi akaugua ugonjwa wake wa mwisho. Nilichukua ruhusa kazini nikashuka Jeddah kumwuguza. Mchana mmoja nilikuwa napiga pasi kanga zake, naye amelala ubavu ananitazama. Nilidhani anatazama kanga.

"Unajua," akasema, "ile noti. Mpaka leo huwaza. Pengine sikuifua vizuri. Pengine ningeifua vizuri zaidi, yule mzee angeichukua, na mwanangu angekuwa hapa."

Pasi ikasimama mkononi mwangu. Nilimtazama, macho yake yamefifia, anangoja nijibu, mimi niliyekuwepo. Ukweli wote nilikuwa nao kinywani, neno kwa neno, kwa Kiarabu cha Kihadhrami. Ndipo nilipomwona Shangazi, paji la uso ukutani, Manfuha, msichana mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Mwenyezi Mungu, kumbe alikuwa analia.

"Uliifua vizuri sana, Bibi," nikasema. "Mzee mwenyewe alisema hajaona safi kama ile."

"Kweli alisema?"

"Nilimsikia kwa masikio yangu."

Akafumba macho, akaridhika. Hakuishi sana baada ya hapo.

Siku ya hitima, wageni walipopungua, nilimpigia Shangazi. Kwake nilisikia wanawake wakisoma, na mtoto anaitwa aache kuchezea maji. Nilimwambia nilichoulizwa, na nilichojibu. Nikamwambia Kiarabu cha yule mzee nilikielewa chote siku ile, na kwamba nilidhani yeye ndiye aliyetaka kutuacha.

"Ulijua?" akasema. "Mtoto mdogo vile?"

"Nilijua."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

Nikamsikia anainuka, anafunga mlango, sauti za wasomaji zinazimika. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ile ya kwenye zulia, ya msichana.

"Miaka yote hii," akasema, "na mimi nikidhani niko peke yangu."